Madirisha ya Hajati Zuhurah

Sebit alipoliona jengo jipya la Hajati Zuhurah pale Arua, ghorofa sita za vioo vilivyokwisha kuwa vyekundu kwa vumbi, hakuona uchafu. Aliona chuo.

Akamwahidi Hajati kwamba wanafunzi wake wataosha jengo zima bure. Wiki hiyohiyo alikuwa Koboko, kofia ya mafundi kichwani, akitangaza kazi za Dubai: kuosha madirisha ya majengo marefu. Alisimulia vizuri, maana mwongo asiyejua kusimulia hufa njaa. Huko, alisema, kuna jengo la ghorofa mia moja na sitini. Waoshaji hushushwa ndani ya jukwaa la chuma linaloning'inia kwenye winchi iliyo juu ya paa, na upepo ukizidi kazi husimama. Wanaanzia juu, wakifika chini miezi imepita, na kule juu kumechafuka tena.

"Kwa hiyo kazi haiishi," alisema, na Koboko ikameza mate.

Sheria aliyoipenda zaidi ilikuwa ya mifuko. Anayening'inia habebi kitu, kwa sababu simu ikimponyoka kutoka huko ni msiba kwa anayepita chini. Kila kitu hubaki kapuni. Na kapu, bila shaka, lingebaki na Injinia Sebit, kama alivyojiita. Ada za watu tisa alikuwa nazo tayari. Zilibaki simu zao tu, na basi la Kampala la saa saba.

Miongoni mwa tisa hao alikuwa Kadijah, binti wa sajini, aliyeuza cherehani yake alipe ada. Cherehani hiyo ndiyo iliyolisha watoto watatu. Sebit alimtuliza kwamba Dubai atanunua ya umeme, mbili.

Walipanda juu ya paa asubuhi. Sebit alikuwa na siri moja ndogo: aliogopa urefu. Alifundisha akiwa katikati, ameshika nguzo ya tangi la maji kama mtoto aliyeshika gauni la mama sokoni. Akagundua kwamba Kadijah hamsikilizi. Anamtazama miguu, ambayo haikuthubutu kusogelea ukingo.

"Mwalimu," Kadijah alisema, "kwa jeshi, mutu ya kufundisha ndiyo naruka ya kwanza. Sisi hatuwezi kupita mbele ya ofisa."

Wengine, karibu wote watoto wa askari, wakaitikia kwamba hiyo iko sheria.

Sebit akapima. Kukataa ni kujivua nguo. Dirisha moja, dakika tatu, apandishwe, kisha basi. Akajifunga mkanda wenye kamba.

"Mifuko, mwalimu."

"Mimi nimezoea."

"Simu ikianguka, mutu nakufa. Ni wewe ulisema."

Macho tisa mara mbili yakamngoja. Akatoa simu, tiketi ya basi na ada zote, akaziweka kapuni kwa mikono yake mwenyewe, kwa heshima ya taaluma.

Kadijah alifunga fundo alilofundishwa na babake. Wakamshusha na ndoo yake mpaka dirisha la juu kabisa, wakaifunga kamba kwenye nguzo ileile aliyoipenda. Sebit alikuwa amefumba macho. Alipoyafumbua, juu kulikuwa kimya, na chini wanafunzi wake walikuwa wakitoka mlangoni, kila mmoja na ada yake. Kadijah alitembea haraka kuliko wote, kuelekea stendi ya magari ya Koboko, kwa aliyenunua cherehani.

Dirisha likafunguka. Hajati Zuhurah, aliyekwisha kusimuliwa yote na wanafunzi walipokuwa wakishuka, akatoa kichwa, akamuuliza habari za Dubai.

"Hajati, nakuomba, nishushe."

"Osha kwanza. Uliniahidi jengo zima."

Basi akaosha, ghorofa baada ya ghorofa, huku walinzi wawili wa Hajati, juu ya paa, wakilegeza kamba kidogo kidogo bila haraka yoyote. Basi la Kampala lilipita likipiga honi. Jua lilikuwa limeshapoa alipogusa ardhi, na boda zote za Arua zilikuwa zimepita hapo mara mbili na vumbi lake.

Hajati alisimama na kikombe cha chai, shingo ameikunja nyuma, akikagua.

"Injinia," alisema, "kule juu kumechafuka tena."

Juu ya paa, walinzi wakakunja mikono ya mashati, wakaanza kuvuta kamba.