Daktari wa Tumbo la Kujitegemea

Kila asubuhi saa mbili, Mbaraka aliketi kwenye benchi la mgahawa pale Hedaru akanywa chai iliyolipiwa na mtu mwingine. Hakuwa mwizi. Wezi aliwadharau, maana hawana mazungumzo. Yeye alichagua abiria aliyeshuka kwenye basi, akamuuliza habari za shangazi yake, na kabla dereva hajapiga honi abiria alikwisha agiza chai mbili na maandazi manne kwa heshima ya shangazi ambaye Mbaraka hakuwahi kumwona maishani.

Siku hiyo alikuwa kwenye andazi la pili wakati harufu kali ilipokuja kuketi kando yake.

Ilitoka kwenye kikapu, na kikapu kilikuwa mapajani mwa mwanamke wa makamo, aliyevuta kitambaa cha kichwa hadi kwenye nyusi kana kwamba anaomba radhi kwa kuwa na uso. Ndani alilala mtoto wa paka wa miezi miwili hivi, mgongo kama msumeno, mkia umelowa.

"Shikamoo, mama. Una mgonjwa?"

"Marahaba. Tumbo," alinong'ona. "Wiki ya nne sasa. Anaharisha, anapata nafuu siku moja, anaharisha tena. Ni paka wa kijiji."

Jina lake Eliaichi, mtunza ghala wa kijiji cha ujamaa huko juu milimani. Panya walipozidi ghalani, kamati iliazimia apatikane paka. Kwa kuwa paka ni mali ya wote, ikaazimia alishwe na wote, kwa zamu, nyumba hadi nyumba. Jumatatu alikula makande. Jumanne alikunywa maziwa. Jumatano alipewa maharage, na Alhamisi utumbo wa mbuzi wenye pilipili. Walimwita Kujitegemea.

"Mwenyekiti amesema asipopona ndani ya siku kumi atatiwa kwenye gunia, apelekwe mtoni."

Mbaraka aliacha kutafuna. Kijiji kizima kina paka mmoja, aliwaza, lakini kila nyumba ina kuku.

"Mama, ulikuwa unanitafuta mimi. Mimi ni mtaalamu wa matumbo ya wanyama wadogo. Nimetumwa kutoka Same."

Eliaichi alimtazama kwa muda mrefu. Alitazama viatu vyake, ambavyo havikuwa jozi.

"Una sauti nzuri," alisema mwishowe. "Inafika mbali. Twende, lori linaondoka."

Njiani, juu ya magunia ya chumvi, mwanamke aliuliza kwa aibu, "Daktari, bila shaka utawakataza wasimpe maziwa ya ng'ombe?"

Mbaraka alifikiri ni nani mwingine angeweza kuyanywa. "Kabisa! Yaletwe kwangu yote, niyaangamize."

"Na pengine ale kitu kimoja tu. Kuku wa kuchemsha, bila chumvi, bila mifupa."

"Kuku," alisema Mbaraka kwa sauti ya mtu aliye kanisani. "Mmoja kila siku."

"Kidogo kidogo, mara nne. Na maji yaliyochemshwa yakapoa. Na alishwe na mkono mmoja tu."

"Wengine wasikaribie hata mlango," alikubali Mbaraka, ambaye hakutaka mtu aone kuku waliobaki wanaishia wapi.

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Hezroni, hakuwahi kusema jambo bila kuliazimia. Aliitisha mkutano. Mbaraka alihutubia nusu saa kuhusu utumbo na maendeleo, na watu wakapiga makofi, isipokuwa Mama Koleta, aliyekuwa na kuku wengi kuliko wote.

"Kuku mzima kwa paka mwenye ukubwa wa soksi?"

"Mgonjwa anakula kifua tu, mama, kiasi cha kidole gumba. Sehemu zilizobaki zina sumu."

"Sumu! Sisi tumekula mapaja miaka yote!"

"Na angalia mlivyo," alisema Mbaraka kwa huzuni. "Nitayateketeza mwenyewe. Ni kazi ya hatari, lakini taifa limenituma."

Basi akateketeza. Aliteketeza mapaja, mabawa, filigisi, na supu akaiteketeza ingali moto. Kifua alimwachia Eliaichi, ambaye alikikatakata kwa kisu kidogo na kumlisha mgonjwa kwenye kiganja, huku akimsemesha kwa Chasu, lugha ya huko milimani, maneno ambayo hakuna aliyeyasikia. Siku ya nne kinyesi kilikuwa kizito. Siku ya saba Kujitegemea alipanda pazia. Siku ya tisa alimkimbiza mende, akamkosa, akajilamba kama aliyekusudia hivyo.

Mbaraka mwenyewe alishangaa. Alikuwa ametapeli watu wengi, lakini hakuwahi kumponya yeyote.

Siku ya kumi alipewa shukrani: kuku tisa hai, wamefungwa miguu. Lori lilikuwa linaunguruma barabarani.

"Ndugu wananchi," alisema Mzee Hezroni, "paka amepona. Naazimia zamu zirudi kama zamani. Leo ni makande. Daktari unasemaje?"

Mbaraka alilitazama lori. "Mwenyekiti amesema vema," alijibu haraka, akainama kuokota kuku.

"Hapana."

Watu waligeuka. Eliaichi alikuwa amesimama, amemkumbatia paka kifuani. Katika mikutano yote ya kijiji hakuwahi kusimama ila kwa wimbo.

"Zamu ndizo zilizomharibu tumbo. Bwana mifugo wa Hedaru aliniambia siku ile ile niliposhuka, akanipa na dawa ya minyoo. Huyu si daktari. Mimi nikisema hamnisikii, ndipo nikaleta mtu mwenye sauti."

Kelele zilipanda. Mama Koleta alifungua kuku wake kabla ya wengine kumaliza kushangaa. Lori likaondoka. Mzee Hezroni aliazimia, bila mpinzani, kwamba zamu zimefutwa, na kwamba mgeni mwenye afya nzuri kiasi hicho ana deni la jasho kwa kijiji. Akamkabidhi jembe na kumwonyesha shamba la mahindi, ambalo lilikwenda juu hadi kwenye ukungu.

Mbaraka alilishika jembe kwa ncha za vidole.

"Mama," alilalamika, "ungeninyamazia dakika mbili tu! Kwa ajili ya panya wa ghalani umeniharibia maisha?"

Eliaichi aliinua uso, akasema kwa sauti iliyofika hadi kwa Mwenyekiti:

"Si kwa ajili ya panya. Nampenda. Hata asipokamata panya mmoja, nampenda."