Gitaa Lisilomsikiliza Mtu

Jumatatu, 4 Agosti

Dada kapiga simu nikiwa na mswaki mdomoni. Harusi ya mwanawe ni Jumamosi, hilo nalijua. Nisilolijua: mpwa wangu kasema haingii ukumbini mpaka solo ya kumwingiza ipigwe na mjomba wake. Nikaitikia kabla sijatema povu.

Tatizo ni kwamba mimi si mpiga solo. Ni mpiga ridhimu tangu bendi ianze. Solo ni ya Sikio, tunayemwita hivyo kwa sababu hutyuni gitaa, yaani huzipatanisha nyuzi, kwa kusikia tu. Na bendi yetu ina sheria moja isiyovunjwa: anayetaka kushika solo atyuni gitaa lake mwenyewe, mbele ya wote. Mimi sijawahi. Kila mazoezi Sikio hulichukua langu kimya kimya, akalikaza nyuzi, akanirudishia, kama mama anayemfunga mtoto kamba za viatu. Nikijaribu mwenyewe, mbwa wa jirani huhama.

Lakini kumwangusha huyu mtoto, siwezi. Alipokuwa mchanga nilimbembeleza kwa gitaa hilohilo, na alilala, Mungu ambariki. Hakuna mwingine aliyewahi kulala.

Jumanne, 5 Agosti

Nimepata dawa! Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ana duka la simu. Dirishani kaweka gitaa la umeme linalojityuni lenyewe. Unabonyeza kitufe, unapiga nyuzi zote mara moja, vikazio vya nyuzi vinazunguka vyenyewe kwa mlio wa mbu, taa ya kijani inawaka. Kwisha kazi. Shemeji kasema nilichukue mpaka Jumatatu, mradi niwaambie watu limetoka wapi. Nikamkumbatia mbele ya wateja. Sina shemeji mwingine kama huyu.

Mke wangu kauliza kama lipo pia linaloosha vyombo. Nikajitia sikusikia.

Alhamisi, 7 Agosti

Mazoezi. Nimeingia na gitaa langu jipya, nimevaa shati la harusi makusudi. Hawakupiga makofi.

Mpiga besi kauliza kama litajibeba lenyewe mpaka ukumbini. Mpiga ngoma kataka kujua likila chaji linashiba saa ngapi. Sikio kalipokea kwa ncha za vidole, kama mtu aliyepewa samaki wa jana, akasema gitaa likishafanya kazi ya masikio, masikio yatakaa bure, na kitu kinachokaa bure huharibika. Wivu mtupu. Nikamsamehe hapohapo.

Bi Mivuba, mpiga akodioni wetu, mama wa makamo ambaye hakuna harusi ya familia yetu aliyoikosa, yangu ikiwemo, kauliza swali moja tu: likijityuni, linamsikiliza nani? Nikamweleza kwa upole kwamba halimsikilizi mtu, ndio uzuri wake. Akatikisa kichwa na kuendelea kumenya chungwa. Leo hakuwa na akodioni. Iko kwa fundi viatu, mivuba yake, ile mifuko ya hewa inayokunjuka, imetoboka na inashonewa kiraka cha ngozi.

Basi nikafanya mtihani wangu. Kitufe, mlio wa mbu, taa ya kijani. Sikio kazipiga nyuzi zote, akainamisha kichwa kwa muda, akakiri kwamba zinapatana. Zinapatana zenyewe kwa zenyewe, ndivyo alivyosema. Akaniambia Jumamosi niwahi ukumbini tulijaribu na akodioni, ndipo atajua. Nikamwambia sawa, kwa sauti ya mtu asiyekusudia kuwahi popote.

Kwa nini niwahi? Wapate nafasi ya kunipokonya? Nimepewa solo mbele ya mashahidi. Nimshukuru Mungu nikalale.

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika nikiwa nimejifungia stoo ya ukumbi, juu ya kreti za soda. Sherehe inaendelea nje.

Nilichelewa kama nilivyopanga. Nilipopanda jukwaani bi harusi alikuwa tayari mlangoni, shela usoni, mkono wake kwenye mkono wa baba yake. Sikio akaninong'oneza tutyuni kwanza. Nikabonyeza kitufe changu, taa ya kijani ikawaka, nikamwonyesha ile taa kwa kidole. Nikaanza.

Sijui niielezeje ile sauti. Watoto waliziba masikio. Mimi nilikuwa sahihi, bendi nzima ilikuwa sahihi, na kwa pamoja tulikuwa kama mlango unaokwaruza sakafu. Nikamtazama mpiga besi kwa jicho la lawama. Naye alikuwa akinitazama hivyohivyo.

Hapo ndipo nikaelewa. Akodioni ya Bi Mivuba ni kuukuu. Sauti zake zimeshuka kidogo kwa uzee, na haina nyuzi za kukaza. Kwa hiyo miaka yote hii bendi nzima hujishusha kuifuata. Kila mtu analijua hilo. Mimi sikulijua, kwa sababu aliyetyuni la kwangu siku zote ni Sikio.

Nikazilegeza nyuzi kwa mkono. Gitaa likalia mbu, likazikaza tena. Nikazilegeza. Likazikaza. Nikatafuta kitufe cha kulizima ubishi, likawasha taa ya bluu nisiyoijua na kuzikaza kwa haraka zaidi. Jasho likanitoka mpaka kwenye soksi. Kule mlangoni mpwa wangu aliinua shela kidogo ili anione. Lile tabasamu lake likaanza kufifia. Niliomba ardhi inimeze mimi, gitaa ilibakize juu.

Basi Sikio akamwashiria mpiga ngoma aendelee peke yake. Akageukia ukuta na kuanza kupandisha nyuzi zake, taratibu, akizifuata za kwangu. Mpiga besi naye akapandisha zake. Wale walionicheka Alhamisi! Na Bi Mivuba, ambaye chombo chake hakipandi wala hakishuki, alifunga mivuba, akabana kikanda cha ngozi cha kuifungia, akaiweka akodioni mapajani. Halafu akaanza kupiga makofi, akitabasamu kana kwamba alikuja kwa kazi hiyo.

Sikio akanikonyeza. Nikaanza upya. Safari hii tulikuwa kitu kimoja.

Mpwa wangu akaingia akicheza, akapita mbele ya jukwaa, akanipungia mkono kama alivyokuwa akinipungia dirishani akienda shule. Nikalia. Nasema wazi, nililia, na machozi yakadondokea kwenye gitaa, likawaka taa nyekundu. Harusi ya kwanza ya familia yetu ambayo Bi Mivuba hakupiga wimbo wa bi harusi, na aliunyamazia kwa ajili yangu.

Jumapili, 10 Agosti

Nimezunguka kuwashukuru wote, mmoja mmoja. Mpiga besi kasema yaishe. Bi Mivuba kasema mwanangu, harusi ilipendeza, hilo ndilo la maana, akanikatia chungwa. Sikio kanikaribisha kwake kesho jioni. Atanifundisha kutyuni kwa masikio, polepole, hata tukimaliza mwaka. Kasema masikio yangu hayana ubaya, hayajawahi tu kupewa kazi. Nina watu, jamani. Watu hasa.

Jumanne, 12 Agosti

Jana sikufika kwa Sikio. Nilikwenda kurudisha gitaa dukani na mazungumzo yakanoga.

Nimewaza sana kuhusu lile tendo la Bi Mivuba. Fadhila ile haiwezi kupita hivihivi. Nikajiuliza shina la matatizo yetu ni nini, na jibu likaja lenyewe: si gitaa, wala si mimi. Ni ile akodioni. Mama wa watu anahangaika na chombo cha viraka wakati dunia imesonga mbele!

Shemeji anayo ya umeme. Haina mivuba ya kutoboka, inajirekebisha yenyewe, ina taa za rangi saba. Kakubali kuniazima, mradi niwaambie watu imetoka wapi. Na lile gitaa nisilirudishe kwanza, viende pamoja. Ile kuukuu, nimeongea na fundi viatu: siku itakapopelekwa tena kutiwa kiraka, asiirudishe haraka, ili iwe mshangao mwema. Nawaza tu jinsi Bi Mivuba atakavyofurahi, machozi yananilengalenga.

Najua atakachouliza. Inamsikiliza nani? Nimeshamuuliza shemeji kwa niaba yake. Anasema hakuna wasiwasi kabisa, haimsikilizi mtu.