Punda wa Masanja Amenifikisha Ukweni

Leo sura yangu nimeiacha Kasokola. Atakayepita huko aniokotee, mimi sirudi.

Mnamjua Deus, mshenga wangu. Aliporudi kutoka Dar alitutangazia kwamba Mpanda tumebaki nyuma kwa sababu hatuchezi polo. Polo, akasema, ni mchezo wa watu wazito. Mnapanda farasi, mnapiga mpira wa mti kwa gongo refu, mkimaliza mnagawana mashamba (hakusema ya nani). Haikupita wiki tukawa na mwenyekiti, makamu, katibu, mlezi, fulana na grupu la WhatsApp. Farasi hatukuwa nao. Mwenyekiti, ambaye ni Deus mwenyewe, akasema hiyo ni changamoto ndogo, tutaanza na punda.

Mimi ni fundi simu. Farasi nimemwona kwenye vioo vya simu za wateja. Lakini posa yangu kwa kina Rehema ilikuwa inasubiri jibu, na baba yake alikuwa ameuliza kijana ana nini zaidi ya bisibisi. Deus akamjibu bila kupepesa macho: "Ni mchezaji wa polo, mzee." Mzee akasema basi atakuja kutazama. Ningefanyaje? Nikajiunga.

Uzinduzi ulikuwa leo Jumamosi, uwanja wa shule ya Kasokola. Mgeni rasmi alihutubia mpaka punda wawili wakalala. Baba Rehema alikaa kiti cha mbele, kavaa koti na joto lote hili. Mimi nilikuwa na helmeti ya bodaboda, gongo la mpini wa jembe, na suruali nyeupe ya kubana niliyoazima kwaya (nilipoinama ilinionya, sikusikia).

Tatizo ni kwamba kwenye mazoezi nilikuwa nadondoka kila punda akigeuza shingo. Masanja, mwenye punda, akasema ana dawa. Akatoa vipande vya tyubu ya baiskeli, vile anavyofungia magunia ya unga kutoka mashineni, akanifunga navyo mgongoni mwa punda, mapajani na kiunoni, akavuta mpaka nikakohoa.

"Hapo hudondoki hata ukitaka," akasema.

Kisha, kwa mazoea yake, akampiga punda makofi mawili matakoni.

Sasa, punda wa Masanja hajawahi kusikia habari za polo. Anachojua ni kwamba tyubu ikikazwa na makofi yakilia, mzigo uko tayari. Na kila Jumamosi mzigo unakwenda nyumba moja. Huwa anaupeleka peke yake, maana njia anaijua.

Akaondoka. Akaupita mpira. Akampita mgeni rasmi. Deus kwenye kipaza sauti akapagawa: "Anakwenda nao! Anakwenda nao!" (Mpira ulikuwa nyuma yangu, umetulia.) Nikapita katikati ya magoli, watu wakashangilia, Baba Rehema akasimama kabisa kupiga makofi. Nikaendelea. Nikatoka uwanjani, nikaingia barabarani.

"Masanja, mzuie huyu!"

"Mwache, hapotei huyo."

Nilimvuta, nikambembeleza, nikamtishia kwa gongo. Gongo likanasa kwenye uzio wa watu likabaki huko. Hapo ndipo nilipoanza kuitambua ile njia. Nyumba ya Jumamosi ni ya kina Rehema.

Nyie mnajua kwetu mama mkwe si mtu wa kupishana naye. Ukimwona mbele unaacha njia, hata kama ni kujitosa kwenye mahindi. Mimi nilifikishwa mpaka mlango wa jikoni.

Na hakuwa peke yake. Akina mama wa jumuiya walikuwa wamekaa kwenye mkeka wanachambua mchele. Nikashusha kioo cha helmeti. Nikabana pumzi nikajaribu kufanana na gunia.

"Leo unga umekuja na kofia," mama mkwe akasema, akasogea kufungua tyubu, maana punda yule hageuki mpaka ashushwe mzigo. Akashika paja langu. Paja likatetemeka.

"Mbona huu unga unapumua?"

Shangazi yake Rehema akaja, akainua kioo.

"Heh. Si ndiye huyu aliyeleta posa?"

Mama mkwe akavuta khanga usoni, akageukia ukuta. Akiwa hukohuko ukutani akatoa amri: "Mshusheni jamani. Taratibu, nguo zisichanike."

Zilishachanika toka barabarani.

"Shikamoo mama," nikasema, kichwa chini miguu juu, maana walianza kufungua tyubu ya kiunoni.

"Marahaba baba," ukuta ukajibu.

Waliponishusha tu, punda akageuka akarudi uwanjani. Nasikia alipokelewa kwa shangwe. Mimi nimerudi mjini kwa kupitia mashambani, nimejifunga khanga ya shangazi, na siwafichi, njia nzima roho iliniuma. Nampenda Rehema. Nilijua ndiyo basi tena.

Jioni hii kanitumia ujumbe. Nimeusoma mara tatu:

"Mama anasema unga haukufika, ila mzigo uliokuja wameupokea. Baba yeye anauliza ulifunga magoli mangapi."

Chekeni tu. Ila kadi za harusi naandika mimi.