Gari ya Sport Yenye Ilikunywa Maziwa

Siku gari ya Mama Adelaïde ilishika moto, watu wote wa Kirolirwe walikimbia wakiita Mungu. Guylain peke yake njo alikimbia akiona biashara.

Huyu Guylain, mutoto wa Kibua kule Walikale, alikuwa na pikipiki moja na uongo mingi. Pikipiki ilikuwa inamupatia chakula. Uongo ilikuwa inaongeza soda.

Gari yenyewe ilikuwa ya sport, nyekundu, viti mbili tu, chini-chini sawa muntu anatafuta kitu ilianguka. Muzungu moja wa zamani aliiachiaka marehemu Papa Jean-de-Dieu, bwana ya Mama Adelaïde, naye akailaza mu nyumba ya ndama. Sasa binti yake Shekinah anaolewa, na Mama Adelaïde akasema mutoto atapanda gari ya baba yake. Wakaiwasha. Motere ikakohoa, ikawaka moto. Maji iko mbali, kule mu bonde, lakini watu wa baiskeli walikuwa wanapita na mabidoni ya maziwa. Wakaimwaga yote ku moto. Moto ikakufa, motere nayo ikakufa. Gari ikabakia inanuka fromage, ile jibini ya kwetu Masisi, na paka wote wa mugini wakaanza kuiheshimia.

Guylain akatoa kofia.

— Pole, Mama. Mubaya haiko moto, ni maziwa. Gari yenye ilikunywa maziwa na ikakufa, haiwezi kulala karibu na ng'ombe. Zitakauka!

— Ee! Nani alikuambia?

— Hata docteur ya ng'ombe anajua. Mi naweza kuikutosheya hapa, niipeleke mbali, bure. Juu nakupenda sawa mama yangu.

(Tusisahau: kwao Kibua, Guylain alikomea kuona maziwa ya poudre, ile ya unga.)

Mama Adelaïde akamuangalia polepole, sawa anapima ndama ya kuuzisha.

— Sawa, mutoto wangu. Lakini itengeneze kwanza. Shekinah aipande siku ya mahari, nisikie inalia tena. Kisha utaona.

Guylain alisikia tu "sawa". Akakimbia Ngungu kwa Papa Kasika, muchuruzi wa Butembo mwenye duka na malori, muntu wa kuvaa saa mbili: moja ya kuangalia saa, ingine ya kuangaliwa.

— Papa Kasika, ukipita na ile gari kule Butembo, kengele ya kanisa itajilia yenyewe!

— Inatembea?

— Inaruka!

— Mi sinunui gari ya mudomo. Nilialikwa ku ile mahari. Nisikie inalia, na wewe mwenyewe useme mbele ya watu iko yako. Sitaki kununua kesi.

Shida: motere ya gari sawa ile, Masisi yote haina. Guylain alitafuta mupaka akachoka, akaikala chini, akaangalia pikipiki yake. Pikipiki nayo ikamuangalia.

— Nisamehe, dada, akaiambia. Ni ya siku moja tu.

Fundi Patient akatoa motere ya pikipiki, akaifunga chini ya kapo, kifuniko ya mbele ya gari, kwa mbao, nyaya na munyororo. Wakawasha. Gari ikalia pap-pap-pap, sawa mbuzi yenye kikohozi.

— Njo sauti ya sport, Patient akasema. Hakucheka. Ile njo ilikuwa kazi nguvu kupita zote.

Siku ya mahari, familia mbili ziliikala mu lupango, kiwanja ya nyumba ya Mama Adelaïde. Gari ikaingia na maua juu, Shekinah ndani, Guylain ku volant akiendesha, na mulolongo wa paka nyuma. Papa Kasika akasimama. Muzee Paul, musemaji wa familia, akanyanyua fimbo.

— Hii gari, nani anaileta?

Guylain akaona jicho ya Papa Kasika.

— Iko yangu! Mi njo naileta!

— Na roho yako yote?

— Yote kabisa!

Wamama wakapiga vigelegele. Wakamupa kibuyu ya maziwa, akakunywa akichekea Papa Kasika.

— Mumesikia, Muzee Paul akasema. Huku kwetu, kitu yenye inaingia mu lupango siku ya mahari, na mwenyewe anaitaja mbele ya wazee, ni ya bibi-harusi. Na huyu ameshakunywa maziwa, ni kusema amekubali!

Guylain akashusha kibuyu. Akisema gari haiko yake, ni mwongo. Akisema iko yake, imeenda. Na Papa Kasika, angekubali namna gani kupitwa na muntu wa pikipiki?

— Mi naongeza mapira ya gari, mupya yote! Papa Kasika akasema.

Vigelegele tena. Guylain akachuchumaa pembeni ya Mama Adelaïde.

— Mama, ile motere iko ya pikipiki yangu!

— Najua. Niliitambua ku sauti.

— Na ng'ombe? Hazitakauka?

— Zile? Tangu asubui zinalamba gari.

Akamupa kipande ya fromage ya njia.

Guylain akashuka barabara ya Ngungu akisukuma pikipiki bila motere. Nyuma, pap-pap-pap, bibi-harusi akamupita, akamupungia mukono. Kisha mama moja mwenye kitunga ya maharagi akamusimamisha.

— Kaka, unaweza kunipeleka chini?

Guylain akaangalia pikipiki. Akaangalia mulima, vile inatelemuka. Akavaa kofia muzuri.

— Panda, Mama! Hii ni modele mupya. Haikunywi mafuta hata tone.

Mama akapanda. Na mupaka chini ya mulima, kwa mara ya kwanza mu maisha yake, Guylain hakukuwa ameongopa.