Malalamiko Kuhusu Dirisha Fiche Lililovujisha Siri ya Masikio Yangu

Ndugu Watengenezaji wa Dirisha Fiche,

Salamu kwanza, lawama baadaye. Mimi ni mwalimu wa kwaya, mume wa mke mmoja, na mteja wenu tangu Jumatatu. Siku hiyo nilifungua kwenye simu dirisha lenu la kuvinjari kwa faragha, mkaniahidi kwamba nitakachotafuta hakitaacha alama yoyote. Nami, bila hiyana, nikawaamini.

Nilitafuta hivi, na naomba ibaki kati yetu: "mwalimu wa kwaya kupungukiwa usikivu". Si kwamba sisikii. Waimbaji wa sauti ya kwanza wamekuwa wavivu siku hizi, wanafungua midomo tu, na nilitaka kuwa na hakika kabla ya kuwagombeza. Ila mashindano ni mwezi ujao, na msaidizi wangu anaimezea mate nafasi yangu. Akisikia neno "masikio", ndio basi tena. Kwaya hii nimeilea mwenyewe. Nikinyang'anywa, sijui nitaamka asubuhi kufanya nini.

Nilichukua tahadhari zote. Nilijifungia chumbani, nikavuta pazia, nikafungua video ya daktari wa masikio. Ana sura ya heshima, lakini jamani, ananong'ona! Nilipandisha sauti hadi mwisho, na bado nikaishia kusoma maandishi yanayopita chini. Kisha nikafunga dirisha lenu, nikijua limesahau kila kitu.

Yaliyofuata ni haya:

1. Tangu nilipotoka chumbani, mke wangu haniiti tena akiwa jikoni. Ananifuata mpaka mbele ya uso ndipo aseme. Nani kamwambia?

2. Fundi cherehani, ambaye kibanda chake kiko chini ya dirisha langu (la ukutani, si lenu), alinipa pole na kunihakikishia kwamba nikiwahi nitasaidika. Maneno ya daktari yuleyule, neno kwa neno! Na fundi huyu simu yake haina hata intaneti.

3. Mazoezini nilikuta sauti ya kwanza wamehamishiwa upande wangu wa kulia, kwenye sikio zuri. Kwamba la kulia ndilo zuri sijamwambia mtu. Nilimjibu daktari tu, alipouliza, na yeye yumo ndani ya simu. Aliyewahamisha ni msaidizi wangu, tena bila kunicheka. Hilo ndilo limenikosesha usingizi.

Naomba basi mumsake huyo anayevujisha siri huko kwenu na mumwachishe kazi. Pili, mtengeneze kitufe cha kufuta historia kwenye vichwa vya majirani, mkianza na fundi cherehani. Mkishindwa, narudi kwenye simu ya tochi, ambayo haijui kitu na hivyo haina umbea.

Wasalimieni wote hapo kazini na watoto nyumbani, isipokuwa huyo mvujishaji.

Wenu katika faragha kidogo iliyosalia,
Mwalimu wa Kwaya

N.B. Mke wangu ameisoma barua hii. Amecheka mpaka akakaa chini, kisha akafuta machozi ambayo sikuyaelewa vizuri. Anadai daktari yule alisikika mpaka barabarani, na kwamba kesho ananipeleka kupimwa. Kupimwa nitakwenda, ili kumridhisha. Lakini hilo la barabarani ni uzushi mtupu: simu nilikuwa nayo mkononi, na mimi mwenyewe sikumsikia.