Chai Hadi Pomoni

Jumatatu, 4 Novemba

Mwanangu Shutian na mkewe Peizhen wameniita mezani. Wamenimenyea tufaha kwanza. Mtu akikumenyea tunda, jua anataka kukumenya na wewe.

Nyumba inageuzwa kuwa mkahawa wa chai. Nyumba hii ya babu wa marehemu mume wangu, vyumba pande nne, ua katikati, mkomamanga ndani ya ua. Nikasema fanyeni, mimi sikatai maendeleo. Ndipo Peizhen akalainisha sauti: eti Mama, chumba chako cha kaskazini ndicho kizuri kuliko vyote, kitakuwa ukumbi. Wewe utahamia cha kusini.

Kusini! Chumba kimeligeuzia jua mgongo tangu kijengwe. Enzi zile alilala mpishi, pamoja na makaa. Mkubwa wa nyumba hulala kaskazini, hata paka anajua. Bi. Luan wa lango linalotazamana na letu alikubali kupelekwa kusini mwanawe alipofungua nyumba ya wageni. Nimemcheka mwaka mzima. Sasa uso wangu nitauficha wapi?

Tufaha nimelimaliza. Sihami.

Jumanne, 5 Novemba

Mpango: mguu.

Nimeamka siwezi kusimama. Ganzi kuanzia nyonga. Nimelia kwa sauti ya wastani, wasije wakaita gari la hospitali. Shutian, moyo safi na kichwa kitupu, akasema basi Mama asihamishwe. Peizhen ananikagua kama anayenunua samaki.

Mara nasikia Bi. Luan anapaza sauti uchochoroni: kabichi za majira ya baridi zimefika, zinakwisha!

Nilikuwa wa kwanza kwenye foleni.

Nimerudi na kabichi kwapani, kulia na kushoto, Peizhen ndiye aliyenifungulia lango. Akauliza mguu unaendeleaje. Nikamwambia kabichi ni dawa. Baadaye nimegundua lori lilikuwa pale tangu alfajiri, limejaa tele. Luan kapiga kelele makusudi. Hasidi hana sababu.

Alhamisi, 7 Novemba

Leo baridi imeingia kwa kalenda, tumepika sambusa za kuchemsha.

Mpango: Mzee Kuai, mtazama nyumba, yule anayepima baraka za nyumba kwa dira kubwa kama sinia. Jana nilimpelekea makomamanga. Nikamsifia chumba changu mpaka koo likakauka: jua kutwa, upepo mbaya haupiti, nimefika umri huu bila kikohozi. Nikamwomba aje atamke mbele ya watu kwamba anayehamisha kitanda cha mzee anahamisha riziki.

Kaja. Kazunguka na dira, mashavu yamejaa sambusa. Kisha akatangaza: chumba hiki kina baraka nyingi mno, ni israfu kumwachia mtu mmoja anayekoroma. Wekeni meza, baraka ziwafikie wateja.

Nikamwuliza kwani makomamanga yangu yalikuwa machungu. Akajibu yalikuwa matamu sana, ndiyo maana amesema kweli.

Peizhen kamwongezea sambusa. Zile za kwangu.

Jumamosi, 9 Novemba

Meza zimeingia chumbani mwangu. Kitanda kimesukumwa nyuma ya pazia. Peizhen kaalika vijana waje waonje. Nimemsikia akimwambia mumewe: wakipenda, fundi anakuja Jumatatu na Mama anakwenda kusini. Wasipopenda, tunaacha kabisa.

Nikajitolea kumimina chai mimi mwenyewe. Peizhen nusura anililie begani.

Kwetu kikombe cha mgeni hakijazwi. Unaacha nafasi juu, hiyo ndiyo heshima. Ukikijaza umemwambia: kunywa, ushike njia. Basi nikajaza. Nikajaza hadi pomoni, chai ikavimba juu ya ukingo. Nikasimama kungoja wanune.

Wapi! Msichana mwenye nywele za rangi ya figili akasema, Bibi, kwingine wanatubania, wewe unamimina kama bibi mzaa mama! Akainama akafyonza bila kugusa kikombe. Wote wakainama, kama mbuzi mtoni. Wakapiga picha. Hawa wamelelewa na chai ya maziwa ya mrija, isipofika kwenye kifuniko wanadai haki yao. Nimewafukuza alasiri nzima, na kila nikiwafukuza wananiambia asante.

Kizazi hiki hata kutukanwa hakiwezi.

Jumapili, 10 Novemba

Picha imezunguka. Uchochoro umejaa watu, wote wanamtaka bibi wa kikombe kinachofurika.

Bi. Luan naye kaja, kakaa kwenye meza iliyo juani. Huyu anajua maana. Nikamjazia kwa furaha. Akakitazama kikombe, akanitazama mimi, akasema: dada, umenifukuza. Nikasema ndiyo. Akanywa, akakisogeza mbele. Basi nifukuze tena, akasema, chai ni tamu.

Jioni Peizhen katoa hukumu. Mama hahami! Wateja wanamfuata yeye, na pahali pake ni kaskazini.

Nimeshinda! Nikatoka hadi langoni kumtangazia Luan. Akauliza na meza je? Nikasema meza zinabaki. Kitanda je? Nyuma ya pazia, kati ya birika na masanduku ya vikombe. Na jua linakifikia? Linaishia kwenye meza aliyokalia yeye. Akatema ganda la mbegu ya alizeti. Kwake kusini hakuna jua, akasema, lakini kuna mlango, na unafungwa.

Wivu tu.

Jumatatu, 11 Novemba

Nimeamshwa na mteja aliyefunua pazia akitafuta choo. Nilikuwa sijavaa soksi.

Nimetafakari, na kosa nimeliona. Ujanja wangu hauna ila. Kosa ni kikombe. Siku hizi kikombe hakisemi kitu. Birika ndilo linalosema! Ukimwelekezea mgeni mdomo wa birika umemtukana yeye na ukoo wake. Kesho kila mmoja ataelekezewa kwenye pua. Mpaka adhuhuri chumba kitakuwa kitupu, na jua litarudi kitandani.

Nimemwagiza Shutian aninunulie birika la mdomo mrefu kuliko yote sokoni. Peizhen kasikia, kapiga makofi, eti wateja watalipenda sana.

Masikini mtoto wa watu. Hajui limpatalo.