Praima Zangu Mwenyewe, kwa Jasho Langu

Jumatatu, 3 Machi

Daktari, mkuu wetu wa maabara, katuita ofisini mimi na Bi Taratibu. Tuliajiriwa siku moja, kwa majaribio ya miezi mitatu. Majaribio yanaisha Ijumaa ya wiki ijayo. Nafasi ya kudumu ni moja. Sisi ni wawili.

Mtihani wenyewe: kila mtu abuni praima zake za kunasa kijidudu cha mnyauko kwenye miche ya nyanya. Praima ni vipande vifupi vya DNA. Herufi ishirini tu, A, T, G na C. Hufanya kazi viwili viwili: kimoja kinashika DNA ya kijidudu huku, kingine kule, vinaelekeana, na mashine inanakili kilicho katikati mpaka kionekane kwa macho. Herufi ishirini! Barua ya kuomba kazi hii niliandika kurasa nne.

Nikishindwa narudi kuuza matairi dukani kwa shemeji, kaka yake mke wangu. Huyo alitaka nimwite Bosi hata tukiwa mezani tunakula. Sirudi! Bora nitafune hiyo miche.

Bi Taratibu kaanza kusoma papo hapo. Mimi nimekwenda kunywa chai. Haraka haraka haina baraka.

Jumanne, 4 Machi

Nimebuni! Dakika kumi na moja. Daktari alisema G na C hushikana kwa nguvu kuliko A na T. Basi nimetafuta sehemu iliyojaa G na C tupu. Kitu kikishika, kishike.

Nimemwonyesha Bi Taratibu ili roho imuume. Kaangalia, kaniuliza kwa upole, kaka, umehakikisha hazishikani zenyewe kwa zenyewe? Nikamwambia wivu hauna dawa.

Kompyuta nayo ikasema yaleyale. Praima zangu zinapendana. Ukizitia kichupa kimoja zinakumbatiana, na kijidudu hazina habari nacho. Daktari kasema hizi si praima, hii ni harusi. Watu wote wamecheka. Mimi pia nimecheka, kwa meno tu.

Nyumbani mke wangu, fundi cherehani, kauliza kwa nini nisimwombe Bi Taratibu anielekeze. Nimemwambia ashone nguo zake.

Jumatano, 5 Machi

Bi Taratibu ana daftari la kijani. Akienda msalani analiacha mezani, wazi kabisa! Watu wengine wanajitakia.

Praima zake mbili zilikuwa pale, kwa mwandiko safi, zimepigiwa mstari chini. Sikuwa na karatasi. Nimenakili kiganjani, kisha nikavaa glavu juu. Kufika saa nane mkono umeloa jasho, ila herufi zote arobaini zinasomeka. Naweza kusema kweli mbele ya yeyote kwamba praima hizi zimenitoa jasho.

Alhamisi, 6 Machi

Siku ya kuagiza. Kumbe kuna tatizo: haziwezi kufanana na zake neno kwa neno. Nimewaza sana. Suluhisho: nibadilishe herufi moja tu kwenye kila praima. Ipi sasa? Ya mwanzo inaonekana upesi. Ya katikati, mtu anaweza kuitupia jicho. Ya mwisho! Nani husoma mpaka mwisho? A nikaigeuza C, na ile nyingine T nikaigeuza G. Nikatuma. Kichwa hiki kingekuwa cha mtu mwingine ningekionea wivu.

Nimempigia simu shemeji kumwambia atafute mtu mwingine wa kubeba matairi. Kasema hongera. Sauti ya mtu aliyetafuna ndimu.

Jumanne, 11 Machi

Praima zimefika! Vichupa viwili vidogo, ndani unga usioonekana. Tumepewa miche minne, na DNA yake imeshatolewa. Kichupa cha tano ni cha maji matupu. Hicho ni cha kutupima sisi wenyewe, hakitakiwi kuonyesha kitu. Sijui kwa nini wanakihangaikia.

Mashine imezunguka saa mbili. Kisha tukamimina kwenye vishimo vya jeli, kipande laini ambamo DNA iliyonakiliwa hung'aa kama mstari, tukawasha taa ya buluu. Jeli ya Bi Taratibu: mistari miwili inang'aa. Miche miwili inaumwa, miwili mizima, maji kimya.

Yangu: giza. Nikaigeuza jeli. Giza upande wa pili pia. Nimemwambia Daktari jeli yangu imechanika, nitarudia kesho. Kisha nikaichana, nisije nikaitwa mwongo.

Jumatano, 12 Machi

Aliyekata tamaa ni mjinga! Vichupa vya Bi Taratibu vimebaki kwenye jokofu, vimejaa DNA iliyokwisha nakiliwa. Kama tone lake linang'aa kwenye jeli yake, kwenye yangu litakataa kwa sababu gani?

Wenzangu walipotoka kwenda kula, nikafungua jokofu, nikachukua kichupa chake kilichong'aa zaidi. Tone moja kila kishimo. Vyote vitano. Sipendi upendeleo.

Taa ya buluu: mistari mitano! Minene, imenyooka, mizuri kuliko ya Bi Taratibu mwenyewe. Nimechapisha picha nakala tatu. Moja nimempa mke wangu. Kauliza hiyo ni nini. Nikamwambia hiyo ni ajira.

Alhamisi, 13 Machi

Daktari kaitazama picha muda mrefu. Akauliza, yaani miche yote minne inaumwa? Nikasema hali ni mbaya, Daktari, mwenye bustani apewe pole. Akauliza kishimo cha tano ni mche gani. Nikasema hayo ni maji.

Kisha akaniuliza, polepole, kama maji nayo yameugua mnyauko. Nikasema siku hizi magonjwa ni mengi.

Akataka orodha ya praima zangu. Akaiweka kando ya orodha ya Bi Taratibu. Kidole kikatembea herufi kwa herufi, herufi kwa herufi, hadi mwisho. Pale kikasimama. Kumbe wapo wanaosoma mpaka mwisho! Na kumbe mashine huanza kunakili kutoka ncha ile ile; ncha isiposhika, hakuna kazi. Kasema ningebadilisha ya mwanzo, huenda ingefanya kazi vizuri tu. Katika herufi ishirini nimechagua ile moja isiyoguswa, na nimefanya hivyo mara mbili.

Bi Taratibu alikuwa ameinamisha kichwa. Hakucheka. Heri angecheka. Nimeona aibu mpaka masikio yakawaka, na harufu ya matairi nikaisikia pale pale maabara.

Ijumaa, 14 Machi

Nafasi kapewa Bi Taratibu. Nikakunja koti langu jeupe, nikaagana na mlinzi. Daktari akaniita kabla sijafika getini.

Bi Taratibu kaniombea! Kaomba nipewe mwezi mmoja zaidi wa majaribio, chini yake, naye atanifundisha mwenyewe kila asubuhi kabla ya kazi. Daktari kakubali, ila nisilisogelee jokofu; kumbe alishakagua vichupa vya Bi Taratibu, akaona kimoja kimepungua. Bi Taratibu kaniambia, kaka, usijali, hata mimi za kwanza zilinikataa mara sita, unafuta unaanza upya. Machozi yalinilenga, sikatai. Nimemshukuru mpaka kaniambia basi.

Mke wangu aliposikia kasema mtu kama huyo hupokelewa kwa mikono miwili.

Lakini nimekaa hapa na kalamu yangu nimelipima jambo hili. Mtu hamtetei mshindani wake bure. Ananiogopa! Kaona nilivyomkaribia: tofauti yetu ilikuwa herufi mbili tu. Sasa anataka niwe karibu ili anichunge. Vizuri. Mwezi mmoja wanitosha kumng'oa.

Jumatatu saa moja ndilo somo la kwanza. Nitakaa kushoto kwake. Yeye huandika kwa mkono wa kulia, na nikikaa upande huo mkono utaniziba nisilione daftari.